Tapeti Ikinyamaza

Asubuhi ya Tunduma husikika kabla haijaonekana. Baridi bado imeshika, ukungu haujaachia mabati, na tayari pikipiki zinapigwa kiki kijiwe baada ya kijiwe. Kando ya barabara kuu, malori yaliyolala kwenye foleni yananguruma taratibu yakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde. Ukimtazama fundi aliyejikalia kwenye tairi bovu mbele ya kibanda chake, kikombe cha chai mkononi, utadhani amezubaa. Kumbe anasikiliza.

Anachokisikiliza ni mlio mwembamba uliojificha ndani ya mngurumo: tiki, tiki, tiki, wa haraka na wa mfululizo, kama cherehani ya fundi nguo mwenye oda ya harusi. Ni mlio wa tapeti. Dereva wa bodaboda haupendi. Abiria huuona ni dalili ya pikipiki chakavu, na tajiri anayesubiri hesabu jioni anaweza kuanza maswali. Kwa hiyo humwomba fundi auzime. Hapo ndipo anayeijua kazi hutofautiana na anayebahatisha: anayeijua ataupunguza mlio huo, lakini hatakubali uishe kabisa.

Sababu yake imo katika kipande cha chuma ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona, japo tunakipanda kila siku. Mafundi hukiita kamshafti. Hicho ndicho kinachoziamuru vavu za injini lini zifunguke na lini zifunge, na kwa amri hiyo injini hupumua. Mji kama Tunduma, unaokula kwa pikipiki, malori na magari ya abiria, unaishi kwa pumzi hiyo. Unastahili kuijua vizuri, na kwa lugha yake.

MKONO WA MFUA CHUMA

Tuanzie mbali kidogo, zamani kabla ya barabara ya lami. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wafua chuma. Waliyeyusha mawe yenye madini katika tanuri ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuri ndogo iliyopulizwa kwa mivukuto.

Mvukuto wa mfuko wa ngozi, wa aina iliyotumika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, una mdomo. Mpulizaji huufungua mdomo huo anapouinua mfuko, hewa ikaingia. Huufunga anapoukandamiza, hewa ikaelekea motoni. Akichelewa kuufunga, hewa humrudia usoni. Akiufunga mapema, mfuko unakuwa haujajaa. Moto hupoa kwa kosa la kiganja tu.

Injini ya pikipiki ni mvukuto huohuo uliofungiwa ndani ya chuma. Pistoni ikishuka, vavu ya kuingizia hufunguka na mchanganyiko wa hewa na petroli huvutwa ndani. Vavu hufunga, pistoni hupanda na kuukandamiza mchanganyiko. Plagi huwasha, moto husukuma pistoni chini, na hiyo ndiyo nguvu inayofika kwenye tairi. Mwisho vavu ya kutolea moshi hufunguka, pistoni hupanda, moshi hutoka. Hatua hizo nne ndizo Mjerumani Nikolaus Otto alizifanikisha katika injini yake ya mwaka 1876, na ndizo zinazoendesha injini karibu zote zinazopita mpakani leo, za petroli na za dizeli.

Tofauti na mvukuto ni kwamba humu hakuna mkono. Pikipiki inayokwenda kwa mizunguko 6,000 kwa dakika hufungua kila vavu mara 3,000 kwa dakika hiyo, yaani mara 50 kwa sekunde. Katika muda wa kutamka jina la Vwawa, kila vavu imefunguka na kufunga zaidi ya mara 20. Kazi hiyo ilihitaji kiganja kisichochoka wala kusahau, na kiganja hicho ni kamshafti.

NUNDU INAYOTOA AMRI

Kamshafti ni mhimili wenye nundu. Fikiria ng'ombe wetu wa asili na nundu yake begani: mgongo ni laini, kisha unainuka, unafika kileleni na kushuka tena. Mhimili unapozunguka, sehemu ya mviringo haisukumi kitu, na vavu inabaki imefungwa kwa nguvu ya springi. Nundu ikifika, inasukuma na vavu inafunguka. Ikipita, springi inairudisha. Kwa kuwa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili katika zile hatua nne na kila vavu inatakiwa ifunguke mara moja tu, kamshafti huzunguka kwa nusu ya mwendo wa krenki.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko injini. Mhandisi al-Jazari, katika kitabu chake cha mitambo cha mwaka 1206, tayari alikuwa anatumia mihimili yenye nundu kuendeshea vifaa vyake. Kilichobadilika baadaye ni kasi, na kasi ndiyo iliyoifanya sura ya nundu kuwa elimu kubwa.

Nundu ikichongwa yenye miteremko mikali, vavu hufunguka upesi na kukaa wazi muda mrefu, na injini hupata pumzi nyingi. Lakini vavu hiyo hiyo hubamizwa kwenye kiti chake kila inapofunga, na springi hulemewa. Ndiyo maana mchongaji huacha pande zote mbili za nundu kipito chembamba, ili vavu ianze kuinuka polepole na itue polepole. Vavu inatakiwa itue kama ndoo inavyotuliwa na mama aliyetoka kisimani: ikidondoshwa, maji yote yanamwagika.

Kuna pia suala la wakati. Hewa ina uzito, na ikishaanza kukimbia haipendi kusimama. Kwa hiyo vavu ya kuingizia hufunguliwa kabla kidogo pistoni haijaanza kushuka, na hufungwa baada ya pistoni kuwa imekwishaanza kupanda, ili hewa inayoendelea kukimbilia ndani isikatwe njiani. Injini ikiwa na kasi kubwa, kuchelewa huko ni faida. Ikiwa na kasi ndogo, hewa huanza kurudishwa ilikotoka. Hakuna nundu moja inayopendeza pande zote mbili. Pikipiki ya mashindano huchongewa nundu ya kasi. Bodaboda inayopandisha vilima vya Ileje na magunia mawili ya kahawa nyuma inahitaji nundu ya mvuto wa chini.

Tunduma yenyewe inaongeza mtihani. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa imepungua takribani moja ya sita ikilinganishwa na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza sehemu hiyo ya pumzi hata kama vavu zake ni mpya. Hapa, vavu isiyofunga sawasawa huonekana haraka, kwa sababu akiba ya nguvu ni ndogo.

INJINI ILIYOTUFIKIRIA SISI

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pikipiki ndogo za Honda zilikuwa na kamshafti juu, ndani ya silinda hedi, ikivutwa kwa cheni. Mpango huo ni mzuri: kati ya nundu na vavu hakuna vipande vingi, na injini huweza kukimbia sana. Lakini katika nchi zinazoendelea pikipiki hizo zilikutana na maisha mengine. Zilibebeshwa mizigo, zilipitishwa kwenye vumbi, na oili haikumwagwa kwa wakati, ilijaziwa tu. Oili ikichafuka au kupungua, wa kwanza kuumia ni aliye mbali, na kamshafti ya juu ndiyo iliyo mbali zaidi. Nundu zililika na cheni zikalegea.

Jibu la Honda lilikuwa CG125, iliyotoka mwaka 1976. Wahandisi waliishusha kamshafti kutoka kwenye hedi na kuiweka chini, jirani na krenki, mahali ambapo oili hurushwa muda wote. Cheni ya taimingi waliiondoa wakaweka gia, kwa kuwa gia hailegei. Nundu nayo waliifanya kuwa moja tu, inayosukuma vavu zote mbili kwa zamu. Kutoka chini, vijiti viwili, ndivyo pushirodi, hupanda ndani ya silinda hadi kwenye roka, na roka husukuma vavu. Hata mnyororo wa tairi la nyuma uliwekewa kasha la kuukinga na vumbi.

Kwa wapenda kasi, huko kulikuwa kurudi nyuma. Pushirodi na roka vina uzito, na uzito huo huzuia injini kukimbia sana: mwendo ukizidi, springi hushindwa kuirudisha vavu kwa wakati na vavu huanza kuelea. Nundu moja kwa vavu mbili nayo inamnyima mhandisi uhuru wa kuipa kila vavu wakati wake. Lakini bodaboda haiendi mashindanoni. Alipotakiwa kuchagua kati ya pumzi na uhai, mhandisi wa CG alichagua uhai.

Honda iliitengeneza CG125 kwa miaka mingi, na viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo na kuitawanya duniani. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia mikoani kwetu zina damu yake. Kwenye injini yako unaweza kukuta namba 156FMI: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, na F ni kupozwa na upepo. Namba peke yake haitoshi, maana hupigwa pia kwenye injini za kamshafti ya juu. Angalia ubavu wa hedi: injini ya kamshafti ya juu mara nyingi ina kifuniko cha duara kinachoficha gia ya cheni, ile ya pushirodi haina. Boxer na TVS HLX, zinazojaa vijiweni, ni za kamshafti ya juu, na zinadumu vizuri zikitunzwa. Zikinyimwa oili, hazisamehi kama CG.

Hata CG ina mpaka wa msamaha. Oili yake ni kama lita moja tu, na lita hiyohiyo inahudumia kamshafti, krenki, klachi na gia. Haina filta ya karatasi. Ina wavu na kikombe kinachozunguka na kuzitupa chembe pembeni. Unga wa klachi na vumbi la gia huogelea pamoja na oili inayolainisha nundu. Kujazia hakuondoi uchafu huo. Kuumwaga ndiyo dawa.

UNENE WA KARATASI

Sasa turudi kwenye ule mlio. Kati ya ncha ya roka na mkia wa vavu huachwa nafasi kwa makusudi, ndiyo nafasi ya tapeti. Katika CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, nyembamba kidogo kuliko karatasi ya daftari. Mlio wa tiki ni roka inayovuka nafasi hiyo na kuigonga vavu.

Nafasi huachwa kwa sababu chuma kikipata joto hurefuka. Vavu ya kutolea moshi hufikia nyuzi 700 na zaidi. Vavu ikirefuka bila kuwa na pa kwenda, roka huishikilia wazi, nayo haikai tena kwenye kiti chake. Na hapa pana jambo ambalo kila dereva angelijua, tungeokoa injini nyingi: vavu hupoa kwa kukaa kwenye kiti. Joto lake jingi hupita pale inapogusana na silinda hedi, katika ule muda mfupi inapokuwa imefunga. Ikizuiwa kukaa, hata kwa upana wa unywele, moto hupenya ubavuni na joto halina pa kutokea. Ukingo wa vavu huliwa na moto. Kompresheni hupotea, injini huwa ngumu kuwaka asubuhi, na mlima uliopandwa kwa gia ya tatu unadai ya pili.

Ndiyo maana fundi mzuri hataki kimya. Tapeti iliyolegea hupiga kelele na huchakaza roka, na ni kweli inahitaji kurekebishwa, lakini inakuita. Tapeti iliyokazwa mno hainung'uniki. Na kuna hatari kubwa zaidi: kadiri kiti cha vavu kinavyolika, vavu huzama ndani ya hedi, mkia wake hupanda kuelekea roka, na nafasi huzibika yenyewe. Mlio hupungua wiki hadi wiki. Dereva hufurahi kwamba injini imetulia. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwenye injini mshindo huo ni vavu iliyoungua.

Madini ya vavu yanaeleza mengi pia. Kule kwenye kilima cha Marengi, wageni huenda kukitazama Kimondo cha Mbozi, bonge la tani zipatazo 16 lililoanguka kutoka angani, sehemu kubwa ni chuma na sehemu ndogo ni nikeli. Sumaku hukinasa Kimondo. Nikeli na kromiamu huchanganywa pia katika chuma cha vavu nyingi za kutolea moshi, kwa kiwango kinachobadili tabia yake: kichwa cha vavu hiyo mara nyingi hakishiki sumaku, lakini kinabaki imara kikiwa chekundu kwa moto. Vavu ya kuingizia, inayopozwa na hewa mpya, hutengenezwa kwa chuma cha kawaida zaidi. Anayezifanya kuwa kitu kimoja, akafunga yoyote aliyoipata dukani, ameipeleka vavu ya kivulini ikafanye kazi jikoni.

FOLENI NA MTEREMKO

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na lori lililoumaliza mwendo huo linaweza kujikuta limesimama Mpemba au Chapwa, injini ikiunguruma. Wengi huamini kwamba injini iliyosimama na kuunguruma taratibu inapumzika. Kwa kamshafti, hapo ndipo kuna mzigo mzito.

Injini inapokwenda kasi, uzito wa vipande vinavyorushwa hupunguza mkandamizo wa springi kwenye kilele cha nundu. Ikienda taratibu, springi hukandamiza kilele kwa nguvu zake zote, na pampu inayozunguka polepole nayo huleta oili kwa presha ndogo, hivyo utando unaotenganisha chuma na chuma huwa mwembamba. Lori la silinda 6 lenye vavu 24, likiunguruma kwa mizunguko 600 kwa dakika, hufungua vavu zake mara 432,000 kwa saa moja bila kusogea hatua. Kuzima injini kwenye foleni ndefu kunaokoa dizeli, na kunaokoa nundu pia.

Lori likitoka kwenye foleni, vavu zinasubiriwa na kazi nyingine: kuzuia. Anayeshuka Senjele, au anayekutana na Kitonga huko Iringa, huusikia mngurumo mzito unaokatikakatika kutoka kwenye lori lililotangulia. Nyuma ya mngurumo huo kuna kisa cha mwaka 1931. Mtengenezaji wa injini Mmarekani, Clessie Cummins, alikuwa anashuka na lori la dizeli kwenye njia ya milimani ya Cajon, California, breki zikazidiwa huku treni ya mizigo ikikatiza barabara chini ya mteremko. Alinusurika kwa nafasi ndogo sana, na hakulisahau jambo hilo. Miaka mingi baadaye alibuni breki ya injini, iliyoingia sokoni mwaka 1961.

Ujanja wake wote uko kwenye vavu. Lori likishuka bila kukanyagiwa mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na kukandamiza hewa silindani hula nguvu ya magurudumu. Kwa kawaida hewa iliyokandamizwa huirudisha nguvu hiyo kwa kuisukuma pistoni chini, kama springi. Breki ya Cummins huifungua vavu ya kutolea moshi pistoni inapokaribia kilele, hewa ikafoka na kwenda zake. Nguvu imelipwa na haikurudishwa, na gari linapungua mwendo breki za magurudumu zikiwa bado baridi. Ule mngurumo ni hewa hiyo inayofoka. Nafasi ya tapeti ikiwa si sahihi, vavu haifunguki kwa kiasi kilichokusudiwa na breki hiyo hupungua makali. Kwenye mteremko, tapeti inagusa maisha ya watu.

MKANDA NA OILI

Magari madogo yana mitihani yake. Land Cruiser za injini ya 1HZ, ambazo watu wa Momba na Ileje wanazijua kwa kubeba wagonjwa kwenye barabara ngumu, zina kamshafti ya juu inayovutwa kwa mkanda wa taimingi. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, uwe umechakaa kwa macho au la. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, kamshafti husimama, pistoni haisimami, na vyuma hivyo hukutana. Gharama ya mkanda na gharama ya hedi nzima hazikai meza moja.

Toyota ndogo za VVT-i, kama IST, zimekwenda hatua moja mbele: kamshafti yake huzungushwa kidogo mbele au nyuma injini ikiwa kazini, ili ule mvutano wa kasi ndogo na kasi kubwa usuluhishwe papo hapo. Kinachoizungusha ni presha ya oili. Oili ikigeuka tope, msuluhishi huyo huganda.

KABLA YA KIKI YA KESHO

Tangu Songwe uwe mkoa mwaka 2016, vijana wengi wamejiajiri kwa spana. Wengi walifundishwa na kaka au jirani, na masikio yao ni mazuri kuliko ya wengi waliokaa darasani. Sikio hilo likipata fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi ya tapeti, yule fundi haogopi kitu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa mafundi wa namna hiyo, na halmashauri zetu zingefanya jambo la maana kuwasaidia kuufikia. Kinachokosekana ni kipimo na maelezo ya sababu, na vyote viwili vinaweza kuandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ukuta wa gereji.

Kwa mwenye pikipiki, kazi yenyewe ni ya dakika chache. Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha. Fundi aizungushe hadi alama ya T kwenye sumaku ikae mahali pake, na ahakikishe roka zote mbili zimelegea, maana yake vavu zote zimefunga. Apenyeze fila geji ya kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa pikipiki hiyo. Ipite kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu. Kisha akaze nati na apime tena, kwa sababu nati ikikazwa huhamisha kipimo.

Kisha kiki. Injini ikishika, sogeza sikio. Utausikia ule mlio mwembamba, tiki, tiki, mdogo na wa kupangika, ukipotea taratibu chini ya kelele za mji unaoamka. Ukiusikia, lipa fundi wako, panda, nenda kazini. Wiki utakayoamka ukakuta umetoweka bila mtu kuugusa, usishukuru. Rudi kwa fundi kabla hujapakia abiria wa kwanza.